Benchi la Kusubiria Nyimbo

Mimi ukitaka tugombane, nisubirishe. Mama yangu kule Muleba alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajafika kwa sababu sikuwa na subira, na sijabadilika. Gari likichelewa nashuka natembea. Chai ikichelewa kuchemka naizima nakunywa maji. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo ameshonaje nguo miaka yote hii hapa Mirongo, ukuta mmoja na Malimi, mwenye kompyuta ya polepole kuliko zote Mwanza nzima?

Malimi ni Msukuma wa Kisesa, mrefu, mpole, sauti yake iko chini hata akikasirika. Mimi namwita Ngosha, yaani mwanaume kwa Kisukuma chao, yeye ananiita Mhaya kwa kabila langu, na tukianza kutaniana wateja wangu wanasahau walichokuja kushona. Kazi yake ni kuwawekea watu nyimbo. Unakwenda na flashi yako au memori kadi, unamtajia unachotaka, kwaya, dansi la zamani, nyimbo za ngoma za Kisukuma ambazo huzipati kwenye simu hata ulie machozi, naye anakukopia. Watu wa simu kubwa walishamwacha siku nyingi. Waliobaki ni wazee wenye redio za flashi, waendesha bodaboda waliofunga spika kwenye pikipiki, wenye vilabu vya pombe, na akina mama wanaouza dagaa. Mlangoni pameandikwa LAIBRARI kwa rangi nyekundu, na ndani hamna kitabu hata kimoja.

Ndani kulikuwa na meza moja ya mninga. Juu yake kompyuta, boksi kubwa la kijivu, na bega kwa bega na boksi hilo spika ya mbao, ile ya kupiga mpaka kifua kinatetemeka. Kando ya ukuta benchi refu. Mwisho wa benchi, karibu na mlango, kiti cha plastiki chenye mto wa kitenge nilioushona mimi. Kiti hicho kilikuwa cha Selina, mke wa Malimi.

Zamani kompyuta ile ilikuwa ya kawaida kama za watu wote, lakini flashi za wateja zilikuja na virusi kila siku ya Mungu. Mara nyimbo hazionekani, mara mashine imezima yenyewe. Fundi mmoja wa Nyakato akamwekea mfumo mwingine wa kuiendesha, Linux, ile yenye picha ya ndege mnene mwenye tumbo jeupe, na virusi vikakoma. Umeme ukikatika, na ulikuwa ukikatika bila hodi, ikiwaka tena inaanza kujikagua yenyewe kwanza. Maandishi meupe yanapanda kwenye kioo, hakuna anayeyaelewa, na Malimi anawatuliza watu: "Inahesabu watoto wake. Ikiona wote wapo itatusikiliza."

Malimi hakuwahi kupima kazi yake kwa saa. Alipima kwa nyimbo. Ukimuuliza flashi itajaa lini, anakwambia, "Kaa. Huu ukiisha, na ule wa kwaya, na mwingine mmoja wa ngoma, utakuwa umemaliza." Anafungulia spika, meza inatetemeka, boksi linakoroma krrr, krrr, na wewe huna la kufanya. Unakaa kwenye benchi.

Haki ya Mungu nililichukia benchi lile! Nilikuwa nakwenda pale kuchukua nyimbo mbili tu za kushonea, natoka jasho limenikauka mgongoni na nimeshajua nani kaachika Kirumba. Lakini pia Anatory wangu nilimpata pale. Alikuwa kijana wa kiwandani, kaja kujaza memori kadi, kasubiri mpaka kachoka, kaanza kunitania kupitia mlangoni eti cherehani yangu inakohoa. Nilimtukana vizuri sana. Kesho yake akarudi na kadi ileile, na kesho kutwa tena. Mashine ya Ngosha ingekuwa na mbio, mimi leo ningekuwa bado natafuta mume.

Na alikuwepo Selina. Huyo mwanamke, nisikilize vizuri, ujana wake alikuwa mwimbishaji wa ngoma kule Kisesa. Wasukuma wana vyama vyao viwili vya ngoma tangu zama za mababu, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno wanashindana. Wanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na ngoma zake. Hakuna refa. Watu wenyewe ndio waamuzi: upande uliokupendeza unausogelea, na mwisho wa siku wenye umati ndio washindi. Selina akiimba, walisema, upande wa pili walibaki wapiga ngoma na mbuzi. Malimi alimwona huko, akaacha upande wa ukoo wake akahamia upande wa Selina, na wajomba zake walimsusa kwa jambo hilo.

Basi kiharusi kikampata Selina bado mtu mzima mwenye nguvu. Miguu ikagoma. Mkono mmoja ukagoma. Mdomo ulirudi, ashukuriwe Mungu, na ulirudi na makali yake yote. Kila asubuhi Malimi alimbeba mgongoni, akamketisha kwenye kile kiti, akamfunika kanga magotini kwa sababu ya upepo wa ziwani, kisha akawasha mashine. Mteja aliyekaa kwenye benchi kusubiri nyimbo zake alikuwa wa Selina. Atamuuliza anatoka wapi, baba yake nani, kwa nini shati halina kifungo, na mke je, anamheshimu? Wanaume wazima walitoka pale wamesemwa mpaka masikio yamewaka, na wiki iliyofuata walirudi.

Nakumbuka kipindi kimoja kifupi mashine ilikwenda mbio. Spika ilikuwa imepasuka, ikapelekwa kwa fundi, hata mziki haukuwepo. Watu walichomeka flashi, wakachomoa, wakaondoka. Mimi nilifurahi nikamwambia, "Ngosha, leo mashine yako imekunywa supu!" Lakini baraza lilipoa ajabu. Spika ikarudi, mashine ikarudia uzee wake, nami nikarudia kulalamika.

Selina akafariki. Sitaki kusema mengi hapo. Tulimzika Kisesa, ngoma ilipigwa, na Malimi alirudi Mirongo akafungua duka kama kawaida. Kiti hakukitoa. Wateja wapya wakitaka kukikalia, wa zamani waliwavuta mkono wakakae kwenye benchi.

Sasa binti yao, Precious. Mtoto yule alisoma bweni tangu mdogo, akaenda chuo Dodoma kusomea kompyuta, akapata kazi, na mwaka jana akaja likizo mwezi wa saba. Kaingia, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, umenenepa," kanikumbatia, halafu kapita moja kwa moja kwa baba yake na kiboksi cheusi kidogo kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Ilikuwa kompyuta. Ndani yake ina diski ya kisasa, SSD.

"Baba, diski yako imezeeka," akasema. "Ina sahani inayozunguka, na juu yake kuna kisindano kinakimbia kutafuta wimbo. Kikichoka siku moja, ndiyo basi. Hii SSD haina kinachozunguka wala kinachokimbia. Nyimbo zako zote nitazihamishia humu, na za mama alizorekodiwa Kisesa. Ile tuizime, tuitoe."

Malimi akaitazama ile kompyuta ndogo, akaligusa boksi lake la kijivu.

"Inaimba?" akauliza.

"Iko kimya kabisa, baba. Huisikii hata kidogo."

"Basi hapana," akasema, akarudi kwa mteja wake.

Walivutana siku kadhaa. Mimi niko ukuta wa pili nasikia yote, na sitajifanya sikusikiliza. Precious anasema watu siku hizi hawana muda, watamkimbia. Malimi anasema waliokuwa wa kukimbia walishakimbia. Precious analia kidogo, Malimi anamnunulia sambusa. Mwishowe baba mtu akaja na lake: "Tushindane. Kisukuma. Mashine yangu upande huu, yako upande ule, hapo nje. Kila mmoja na spika yake. Watu waamue. Ukishinda, chukua mashine yangu mpelekee muuza vyuma chakavu, sitasema neno. Nikishinda mimi, usiitaje tena mpaka nife."

Precious akakubali. Nilimwonea huruma Malimi, maana hata mimi nisiyejua kitu nilijua anakwenda kuumbuka.

Jumamosi wakatoa meza mbili barazani. Malimi akatoa ile ya mninga kama ilivyo, boksi na spika juu yake. Precious akaweka kiboksi chake kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, spika ya kuazima pembeni. Aliwatangazia watu waliokusanyika kwamba amekuwa mwaminifu: mashine zote mbili zina nyimbo zilezile, zinatumia Linux, na hata mpangilio wa mafaili ndani yake ni wa aina moja, ext4, asije mtu akasema amejipendelea. Kinachotofautiana ni diski tu. Mzee Mashimba, mwenye kilabu cha pombe ng'ambo ya mto, akapaza sauti, "Malimi, dawa umeweka?" Watu wakacheka, maana kwenye ngoma kila upande husingiziwa dawa ya kuvutia umati.

Raundi ya kwanza ilikuwa flashi moja kwa kila mashine, bila mziki, ili watu waone vizuri. Weee! Zikamaliza karibu sawasawa. Watu wakapiga miluzi. Precious hakushtuka. Akaeleza kwamba flashi zenyewe ni za bei rahisi, zinameza polepole. Ni sawa na kujaza chupa ya soda, utumie ndoo au pipa, mdomo wa chupa ni uleule. Nikamtazama Malimi. Alikuwa anatabasamu, na mimi nikaanza kumtumainia.

Raundi ya pili ndiyo yenyewe. Flashi nyingi kila upande, kama siku ya sikukuu, na mziki juu. Precious akafungulia wimbo wa vijana, ule uliokuwa ukipigwa kila mahali mwaka ule. Malimi akafungulia Selina.

Mungu wangu, sauti ile! Ngoma ikaanza kwanza, chini, meza ya mninga ikatetemeka, halafu akaingia Selina juu yake, mkali, anadai kuitikiwa. Mimi si Msukuma na nywele zilinisimama. Bibi mmoja aliyebeba ndizi akaweka kapu chini akaanza kutikisa mabega. Kwa muda kidogo watu wote walikuwa upande wetu, nasema kweli, wote.

Kisha wakaanza kutazama vioo. Kwa Precious ule mstari unaoonyesha kazi imefika wapi ulikuwa unakimbia, flashi moja imejaa, ya pili imejaa. Kwa Malimi mstari ulisogea kidogo, ukasimama. Boksi likakoroma, likakwaruza, likanyamaza. Mwenye bodaboda akasema samahani mzee, akachomoa flashi yake, akahamia ng'ambo. Mwenzake akamfuata. Bibi wa ndizi akachukua kapu lake. Mzee Mashimba naye, mnafiki yule, akasogea hatua moja, halafu nyingine, anajifanya anakwepa jua. Wimbo wa Selina haujafika katikati, na upande wa Malimi nimebaki mimi peke yangu.

Sikuhama. Mimi niliyetukana mashine ile miaka yote nilisimama pale na mikono kiunoni, nimewakazia macho wale wengine, na roho ikaniuma kama mtu kanionea mwanangu. Malimi hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akiutazama ule umati ng'ambo.

Watu wakampigia Precious makofi, lakini hakuwa na furaha. Alikuja upande wetu amekunja uso.

"Hii haiwezekani," akasema. "Polepole, sawa. Lakini si namna hii."

Akainama, akasikiliza boksi, akaweka kiganja juu ya meza. Akazima spika. Selina akakatika katikati ya neno, na mstari kwenye kioo ukaruka kama mtu aliyezinduliwa. Akawasha spika, mstari ukasimama. Akazima, ukakimbia. Akainua uso, macho yamemtoka.

"Baba! Ni spika! Inatikisa meza, meza inatikisa diski, kisindano kinakosa mahali pake kinarudia rudia. Siku zote hizi mashine yako ilikuwa nzima! Ungeshusha tu spika sakafuni!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Damu ilinipanda kichwani. Nikahesabu harakaharaka masaa yangu yote yaliyopotelea kwenye lile benchi, nikamgeukia Malimi nimeshafungua mdomo.

"Nilijua," akasema.

Nikaufunga.

"Spika ilipopelekwa kwa fundi ndipo nilipojua," akasema, taratibu, anamwangalia binti yake. "Mashine ilikimbia. Watu wakaja, wakaondoka. Mama yako alikaa pale kwenye kiti chake, anageuza shingo kila anayeingia, hajamaliza kumsalimia mtu ameshatoka. Jioni nikimbeba akaniuliza, 'Malimi, watu wamenichoka?' Spika iliporudi nikaiweka palepale juu ya meza."

Mzee Mashimba akavua kofia.

"Nilikuwa nampigia simu kila Jumapili kutoka shule," Precious akasema. "Kila mara ananiambia, 'Nimechoka kuongea, wageni leo hawaishi.' Nikajua ananidanganya nisihuzunike. Nilikuwa nakata simu nalia."

"Hakukudanganya. Waulize hawa."

Wale watu wakaitikia kwa vichwa. Karibu kila mmoja wao alishasemwa na Selina juu ya benchi lile.

"Na leo je?" Precious akauliza. "Ulijua, na umeiacha spika mezani. Ungeishusha tungekaribiana. Huenda watu wasingehama."

Malimi akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Ningeshinda nini, mwanangu? Ningebaki na mashine ya haraka. Kwenye ngoma hakuna anayetazama saa. Watu wanakaa walipopendezwa. Nilidhani wakimsikia mama yako watakaa."

Hapo ndipo machozi yalinitoka, na sioni haya kusema. Nikawageukia wale wa ng'ambo nikawaambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, mengine ya Kihaya. Mwenye bodaboda akaomba radhi. Malimi akanishika bega, akasema, "Mhaya, waache. Wameshinda kihalali." Akaanza kuchomoa nyaya za mashine yake moja moja, kwa sababu alikuwa ameahidi, na Msukuma huyu akiahidi kaahidi. Wale watu wakaondoka wawili wawili, bila kelele.

Tukarudisha meza ndani. Precious hakusaidia, alisimama mlangoni akikitazama kile kiti cha plastiki na mto wake uliopauka. Nilidhani anafikiria gari la kubebea vyuma chakavu. Malimi naye alidhani hivyo, maana alikuwa ameanza kulipangusa boksi vumbi kwa kanga ya marehemu, kama mtu anayeaga.

Precious akaingia. Akachukua zile nyaya kutoka mkononi kwa baba yake, akazirudisha moja moja mahali pake. Akaikumbatia ile spika tuliyokuwa tumeiweka sakafuni, nzito kweli, akaipandisha juu ya meza ya mninga, akaisukuma mpaka ikagusana na boksi. Kiboksi chake cheusi akakiweka juu ya kabati, na kiko huko mpaka leo, kinatunza nyimbo zote zisipotee. Kisha akatoa flashi kwenye pochi yake, akampa baba yake kwa mikono miwili kama mteja mgeni.

"Naomba nyimbo za mama," akasema. "Zote."

"Hizo nyingi," Malimi akasema. "Utasubiri sana."

"Sina haraka."

Akaenda akakaa kwenye benchi, mwisho kabisa, karibu na kile kiti. Malimi akawasha. Maandishi meupe yakapanda kwenye kioo, mashine ikahesabu watoto wake, kisha ngoma ikaanza na meza ikatetemeka. Upande wa pili wa ukuta nilikuwa na gauni la bibi harusi linalotakiwa jioni ileile. Nililitazama. Nikazima cherehani, nikaenda nikaketi karibu na Precious, nikamuuliza kwa nini blauzi yake haina kifungo.